Glasi Zinazong'aa: Zilianzia Fustat, Si Kirinyaga Road



Ndugu msomaji, habari hii ilianza na ubishi wa glasi. Ramadhani iliyopita dada zetu wa madrasa, huku Kawangware, walinunua glasi kumi na mbili za kawaida pale Biashara Street, na rangi ya fedha ya kupuliza kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road. Wakapuliza rangi kwa ndani, na kabla haijakauka wakanyunyiza siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha wakagusagusa kwa kitambaa. Pale siki ilipotua rangi ikatoka, pakabaki madoadoa kama ya kioo kikuukuu. Wallahi zilipendeza, ungedhani ni urithi wa nyanya kutoka Lamu.

Jioni ya futari maalim akaziona. "Nyinyi watoto, si tumekatazwa kunywea vyombo vya fedha?" Dada mmoja akajibu kwa adabu, "Samahani maalim, hiyo ni rangi tu." Wakiwa bado wanavutana, mimi nikaona vipande vya rangi vinaelea kwenye juisi yangu ya ukwaju.

Basi nikasema wacha nitafute asili ya jambo hili. Wengi husema ni urembo wa Kizungu, na kweli London wana sehemu yao. Mwaka 1835 Mjerumani Justus von Liebig aliona kwamba dawa ya aldehaidi huifanya fedha iliyoyeyushwa igande juu ya kioo. Mwaka 1849 Hale Thomson na Edward Varnish wakapata hataza London: chombo cha kuta mbili, maji ya fedha yanamiminwa katikati kupitia tundu la chini, kisha tundu linazibwa. Watu huiita glasi ya zebaki, ingawa zebaki haimo. Zebaki ilikuwa kwenye vioo vya kujitazamia vya zamani, pamoja na bati, na mvuke wake uliwadhuru mafundi.

Lakini jamani, miaka elfu moja na zaidi kabla ya Varnish, mafundi wa Misri na Shamu walikuwa wanakipa kioo mng'aro wa madini. Kuna kikombe kilichochimbuliwa Fustat, yaani Cairo ya kale, chenye jina la Abd al-Samad bin Ali, aliyekuwa gavana wa Misri kwa muda mfupi mwaka 773. Michoro yake ni ya kung'aa.

Namna yao ndiyo iliyonishangaza. Fundi alichanganya chumvi za fedha au shaba na udongo na siki (siki tena!), akachora juu ya chombo kilichokwisha kutengenezwa. Halafu kikarudi kwenye tanuri lenye moshi mwingi na hewa kidogo. Moto ukikosa hewa hunyang'anya oksijeni kutoka kwenye mchanganyiko ule, na madini yanabaki ndani ya ngozi ya kioo kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kikipoa, udongo unasuguliwa, mng'aro unatokea. Haubanduki kwa ukwaju huo! Kitabu kinachonasibishwa na Jabir bin Hayyan, Ad-Durra al-Maknuna, kimejaa maelekezo ya kutia kioo rangi.

Karne ya 9 ufundi ukahamia kwenye vyungu huko Iraki, na vigae vyake vimepamba mihirabu ya Msikiti Mkuu wa Kairouan, Tunisia. Hata kwetu pwani, wachimbaji wa magofu ya Manda wameokota vipande vya vyombo hivyo. Kwa hiyo mabibi wa Lamu wa zamani sana huenda waliviona kabla ya watu wa London.

Wengine husema mafundi walibuni mng'aro ili kukwepa katazo la dhahabu na fedha. Mimi naona hilo ni kurahisisha mno. Fundi hupenda kinachong'aa, na tajiri hununua. Ila swali la maalim lilikuwa la haki. Wanazuoni wa Kishafi wameliweka hivi: chombo kilichopakwa fedha, kikiwekwa motoni fedha ikatoka ya kukusanyika, ni haramu, isipotoka kitu, si haramu. Rangi ya Kirinyaga Road haikupita hata kwenye mtihani huo, maana kwa kawaida mng'aro wake ni wa alumini, fedha haimo kabisa. Maalim alipoelezwa akacheka, akasema, "Basi si haramu, ni sumu."

Na kweli, rangi hiyo haijatengenezwa kwa kuguswa na kinywaji. Anayetaka kupuliza, apulizie vyombo vya mapambo, mlango ukiwa wazi na pua imefunikwa, mbali na jiko.

Zile glasi kumi na mbili ziko kwenye rafu ya madrasa. Stima ikipotea wakati wa tarawehe, tunaweka mishumaa ndani.