Kutoka Sanduku la Vitabu hadi Baraza la Kijiji: Historia ya Maktaba ya Jamii ya Kitengesa na Mafunzo Yake kwa Sera ya Kiswahili Nchini Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya Maktaba ya Jamii ya Kitengesa, karibu na Masaka, kusini mwa Uganda, na kuiweka katika muktadha wa huduma za maktaba Afrika Mashariki tangu 1948. Hoja yetu ni kwamba maktaba ndogo huhuika pale wanajamii wanapokuwa na jambo la kufanya ndani yake, nayo hudorora pale inapobaki kuwa ghala la vitabu. Mwishoni, makala yanaonyesha mafunzo ya historia hiyo kwa uamuzi wa Uganda wa kupanua ufundishaji wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tangu hapo mjadala umeelemea zaidi kwenye idadi ya walimu, mitaala na vitabu vya kiada. Swali moja halijapewa uzito wake: mwanafunzi akishatoka darasani, atasoma nini kwa Kiswahili, wapi, na pamoja na nani? Lugha inayosomwa darasani tu huishia kuwa lugha ya mtihani. Kwa sababu hiyo, historia ya maktaba ndogo inawahusu moja kwa moja wapangaji wa sera ya lugha.

2.0 Usuli: Maktaba Iliyotumwa kutoka Juu

Huduma ya maktaba kwa Waafrika wengi wa eneo hili ilipata sura rasmi mwaka 1948, ilipoanzishwa Idara ya Maandiko ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Nairobi, chini ya uongozi wa Charles Granston Richards. Pamoja na kuchapisha vitabu katika lugha za Kiafrika, idara hiyo iliendesha maktaba za masanduku na za posta. Sanduku lilijazwa vitabu, likapelekwa kwenye kituo, kisha likabadilishwa baada ya muda. Utaratibu huo ulifikisha kitabu mahali ambapo hapakuwa na jengo wala mkutubi. Hata hivyo, uteuzi wa vitabu ulifanyika mbali na msomaji, na sanduku halikuweza kumuuliza mwanakijiji alitaka kujua nini.

Baada ya uhuru, kila nchi ilijijengea chombo chake. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, Uganda ikaunda Bodi ya Maktaba za Umma mwaka 1964, na Kenya ikafuata mwaka 1965. Nchini Uganda, misukosuko ya kisiasa na kuporomoka kwa uchumi katika miaka ya 1970 na 1980 kulikausha ununuzi wa vitabu. Mji wa Masaka wenyewe uliharibiwa vibaya katika vita vya 1979. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ilihamishia maktaba za umma mikononi mwa wilaya na miji, na Sheria ya Maktaba ya Taifa ya 2003 ikathibitisha mgawanyo mpya wa majukumu. Wajibu ulishuka ngazi za chini, lakini fedha hazikushuka kwa kasi ileile.

Wakati huohuo, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza 1997 uliongeza idadi ya wanafunzi kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Kizazi kipya cha wasomaji kilikuwa kinaandaliwa bila kuandaliwa cha kusoma.

3.0 Kitengesa, 1999 hadi 2004

Katika mazingira hayo, mwaka 1999, Emmanuel Mawanda, mwanzilishi wa shule ya sekondari ya Kitengesa, na Kate Parry, mtaalamu wa isimu aliyekuwa akifundisha Hunter College mjini New York, walianza na sanduku moja la vitabu shuleni. Kwa sura, sanduku hili lilifanana na yale ya 1948. Tofauti ilikuwa kwamba halikurudishwa makao makuu. Lilibaki kijijini, na waliolitunza walikuwa watu wanaowajua wasomaji kwa majina. Kitabu kilipoazimwa sana, ilijulikana; kilipolala bila kuguswa, hilo nalo lilijulikana.

Mwaka 2004 maktaba ilipata jengo lake, kwa msaada wa mfuko ambao wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa huuchangia asilimia moja ya mishahara yao. Huo ni msaada wa nje, na historia hii isiandikwe kana kwamba kijiji kilijitosheleza. Lakini jengo lilikuja miaka mitano baada ya usomaji kuanza. Mara nyingi miradi ya maktaba hufuata mpangilio wa kinyume: ukuta kwanza, kitambaa cha ufunguzi kikatwe, kisha wasomaji watafutwe.

4.0 Kazi Zilizoihuisha Maktaba

Nguzo ya kwanza ilikuwa ajira ya wanafunzi. Baadhi ya wanafunzi wa sekondari walipewa kazi ya kuhudumu maktabani na kwa malipo yake wakasaidiwa karo. Mpango huo ulitatua matatizo mawili kwa pamoja. Maktaba ilipata wahudumu bila kungoja mkutubi wa serikali, na kijana aliyekuwa hatarini kuacha shule alipata njia ya kuendelea. Zaidi ya hayo, kila mhudumu alikuwa mjumbe: aliporudi nyumbani alikwenda na habari za maktaba kwa wazazi na majirani ambao wasingeingia jengo la shule kwa kudhani si mahali pao.

Nguzo ya pili ilikuwa mwanga. Umeme wa jua uliwawezesha wasomaji kutumia maktaba baada ya giza kuingia. Kwa msichana ambaye mchana wake humezwa na kuchota maji, kupika na kulea wadogo zake, saa za jioni ndizo pekee anazoweza kuziita zake. Saa za kufungua maktaba ni suala la usawa wa kijinsia, ingawa katika ripoti nyingi huorodheshwa kama jambo la utawala.

Nguzo ya tatu ilikuwa lugha. Watu wazima wengi wa Kitengesa husoma Kiganda kwa wepesi kuliko Kiingereza. Gazeti la Kiganda lililowekwa mezani liliwavuta watu ambao riwaya ya Kiingereza isingewavuta kamwe. Kutoka hapo zikaja shughuli za kisomo kwa watu wazima, usomaji wa pamoja wa wazazi na watoto, na mikusanyiko ya wanawake. Maktaba ikaanza kufanya kazi ya baraza: mahali pa kupata habari, kuulizana na kujadiliana.

Kitengesa imekwisha kuwavutia watafiti, akiwemo Valeda Dent, aliyechunguza uhusiano wa maktaba za vijijini na usomaji wa wanafunzi. Mwaka 2007 ulianzishwa Umoja wa Maktaba za Jamii Uganda, uliozipa maktaba za aina hii jukwaa la kubadilishana uzoefu.

5.0 Mafunzo kwa Sera ya Kiswahili

Kiswahili kinaingia Buganda kikiwa na historia. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza kukipanua katika elimu na utawala, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akapinga hadharani, akiona hatari kwa Kiganda na kwa hadhi ya watu wake. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, na kwa familia nyingi kikabaki na sauti ya askari. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, lakini andiko la sheria halifuti kumbukumbu.

Kwa hiyo shehena ya vitabu vya Kiswahili itakayopelekwa vijijini kwa waraka inaweza kuishia rafuni. Tanzania inatoa fundisho la upande wa pili. Katika kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970, maktaba za vijiji na gazeti kama Elimu Haina Mwisho, lililoanza 1974 Kanda ya Ziwa, viliwapa wasomaji wapya cha kusoma katika lugha waliyokuwa wakijifunzia. Kisomo na chombo cha kusomea vilikwenda pamoja.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kiswahili kiingie maktabani kikiwa kando ya Kiganda, Runyankole au Acholi, kisichukue nafasi yake. Hadithi zenye leseni huria, kama zile za mradi wa African Storybook ulioanza 2014, zinapatikana katika lugha kadhaa za Kiafrika, zikiwemo Kiganda na Kiswahili. Mtoto anaweza kusoma hadithi moja kwa lugha mbili na kumsomea bibi yake. Pili, bajeti ya vitabu iambatane na posho ya vijana wahudumu na gharama za shughuli, kwani kitabu bila shughuli hakitembei. Tatu, mafanikio yapimwe kwa vitabu vilivyoazimwa na watu waliohudhuria, badala ya idadi ya vitabu vilivyokabidhiwa.

6.0 Hitimisho

Masanduku ya 1948 na lile la 1999 yalibeba mzigo uleule. Kilichotofautisha matokeo ni nani alishika ufunguo, alifungua saa ngapi, na alisikiliza nini kutoka kwa walioingia. Kitengesa bado inategemea kwa kiasi wahisani, na udhaifu huo ni wajibu wa serikali za wilaya kuuziba. Iwapo Uganda inataka Kiswahili kipendwe na watu wa Masaka kuliko kilivyopendwa mwaka 1929, ni busara kianze safari yake mezani, jioni, kando ya gazeti la Kiganda.