Kuogelea shuleni: mtoto aanze na kuelea

Mtoto wa Ukerewe au Ukara anaishi na maji. Anachota, anafua, anavuka kwa mtumbwi. Lakini wengi hawajawahi kufundishwa kuogelea, na ukiuliza shuleni utaambiwa hakuna bwawa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Linashauri watoto kuanzia miaka 6 wafundishwe kuogelea, usalama majini na namna ya kuokoa.

Bwawa la kisasa si lazima. Bangladesh, vijijini, hufunga jukwaa la mianzi ndani ya bwawa la kawaida. Mtoto husimama juu yake na mwalimu akiwa pembeni. Nungwi, Zanzibar, wasichana wamefundishwa baharini wakiwa na mavazi yanayofunika mwili mzima, kwa hiyo staha haikuwazuia.

Ziwa Victoria lina hatari zake: kichocho, na kwingine mamba. Maji kutulia hakutoshi. Waulize wavuvi kuhusu mamba, kwepa ukingo wenye majani mengi ambako konokono wa kichocho hukaa, na watoto wapimwe.

Somo la kwanza ni kulala chali na kuelea huku ukipumua. Kisha kugeuka na kurudi nchi kavu. Mitindo ya mashindano ingoje.

Kuna jambo ambalo kila mwanafunzi alijue hata kama hataingia majini kamwe. Mwenzako akizama, usimrukie. Anayezama hung'ang'ania chochote kwa nguvu zote, na ndivyo wanavyokufa wawili badala ya mmoja. Piga kelele watu wazima waje. Lala kifudifudi ukingoni umnyooshee mti au kanga, au umrushie dumu tupu lililofungwa kifuniko na kamba.

Akitolewa hapumui, tusifanye kile tulichozoea kukiona: kumning'iniza kichwa chini au kumminya tumbo. Muda unapotea, na anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni. Kama bado, kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, na kuendelea hivyo huku mwingine akitafuta usafiri wa kwenda kituo cha afya. Hilo wanafunzi wakubwa wanaweza kujifunza uwanjani, kwenye nyasi, bila tone la maji.