Ganzi Inayopanda Kutoka Miguuni: Fahamu Ugonjwa wa Guillain-Barré

Mtu aliyekuwa akilima vizuri wiki iliyopita anaanza kuhisi ganzi na kuchomachoma kwenye nyayo. Kesho yake magoti yanalegea, keshokutwa hawezi kusimama, kisha mikono nayo inaishiwa nguvu. Nyumbani wengine wanasema amerogwa, wengine wanasema ni kiharusi. Lakini kiharusi kwa kawaida hushika upande mmoja, tena ghafla. Udhaifu unaoshika miguu yote miwili na kupanda juu kwa siku chache unaweza kuwa ugonjwa wa Guillain-Barré (tamka Giyan-Bare). Jina hilo ni la madaktari wawili wa Ufaransa walioueleza mwaka 1916. Mwenzao wa tatu, Strohl, jina lake liliachwa njiani.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili inageuka na kushambulia neva za mikono na miguu, hasa ganda lake la nje. Neva inakuwa kama waya wa umeme uliochubuka: amri ya ubongo haifiki kwenye msuli. Mara nyingi huanza siku chache hadi wiki 6 baada ya kuharisha au kuugua mafua. Bakteria wa Campylobacter, wanaopatikana kwenye kuku asiyeiva vizuri, maziwa yasiyochemshwa na maji machafu, ni chanzo kinachojulikana sana. Ni ugonjwa wa nadra, mtu 1 au 2 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, na hauambukizi. Msimtenge mgonjwa.

Hatari kubwa ipo kifuani. Takriban mgonjwa 1 kati ya 4 huhitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Akipaliwa na maji, sauti ikififia, au akishindwa kuhesabu hadi 20 kwa pumzi moja, hali ni ya dharura. Lakini msisubiri afike hapo. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na zahanati ikiwaandikia rufaa, nendeni. Kama ni mtoto wa chini ya miaka 15, mhudumu wa afya atachukua pia choo chake kupima polio.

Hospitali wanaweza kuchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Wengi huiogopa wakidhani ndiyo inayopoozesha, kumbe huchomwa chini ya mahali uti wenyewe unapoishia. Tiba ni dripu ya kingamwili au kusafisha damu kwa mashine, na hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya wiki 2 za mwanzo. Ni ghali, na haipatikani kila hospitali.

Baada ya hapo inabaki kazi ndefu, na sehemu kubwa ni ya familia. Akiwa bado kitandani, mgeuzeni kila baada ya saa 2 asipate vidonda. Mkunjeni na kumnyoosha viungo taratibu, na muweke mto mgumu kwenye nyayo ili miguu isikakamae ikielekea chini. Mnapomwinua msimvute mikono, mabega huteguka. Msimkande kwa maji ya moto sana: ngozi yenye ganzi huungua bila yeye kujua.

Nguvu zikianza kurudi, fungeni miti miwili uani, kimo cha kiuno, ashike pande zote na kujifunza kutembea. Afanye mazoezi kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, kama mtaalamu wa viungo alivyoelekeza. Akiamka kesho yake amechoka kupita kawaida, mmezidisha. Uchovu huo ni sehemu ya ugonjwa, si uvivu, na tunaomba wanandugu walielewe hilo.

Takriban wagonjwa 8 kati ya 10 hutembea wenyewe ndani ya miezi 6. Neva iliyokatika huota kama milimita 1 kwa siku, ndiyo maana wengine huendelea kupata nafuu hata mwaka wa pili au wa tatu. Ila udhaifu ukiendelea kuongezeka baada ya wiki 8, au ukirudi mara kwa mara, mrudisheni hospitali, kwani huenda ni aina sugu ambayo dawa zake ni tofauti.