Upigaji muziki wa pamoja mtandaoni

Upigaji muziki wa pamoja mtandaoni ni utaratibu ambao wanamuziki walio mahali mbalimbali hupiga wimbo mmoja kwa wakati mmoja, sauti ikipita kwenye programu maalumu na picha kwenye mkutano wa video. Njia hizo hutenganishwa kwa kuwa Zoom na programu za mfano wake zilikusudiwa mazungumzo: huchelewesha sauti, na vichujio vyake vya kelele huweza kumeza mlio wa litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu wa Bumula na Kaunti ya Bungoma kwa jumla, nchini Kenya. Programu maalumu kama Jamulus, iliyoanzishwa na Volker Fischer mwaka 2006, na JackTrip ya Chuo Kikuu cha Stanford hupunguza ucheleweshaji huo. Ukizidi takriban milisekunde 30, sawa na kusikilizana mkiwa mita 10 mbali, mdundo huanza kuburuta. Kati ya Bumula na Nairobi mwanga ndani ya faiba hutumia milisekunde chache tu. Kinachokula muda ni mitambo ya njiani, Wi-Fi na mtandao wa simu usiotulia. Wapigaji huzima maikrofoni na spika za mkutano, wakasikilizana kwa hedifoni. Picha hufika nyuma ya sauti, hivyo anayefuata mkono wa mwenzake kwenye skrini hupotea. Hadhira hurushiwa sauti iliyochanganywa kwenye kompyuta moja, ikicheleweshwa kidogo ilingane na picha.