Fahamu Belenenses, klabu ya Lisbon iliyouza timu yake ikaanza upya kutoka chini kabisa

Ukitaja mpira wa Ureno, wasee wengi watakuambia Benfica, Porto na Sporting, basi. Lakini cheki hii: kabla Boavista kushinda ligi mwaka wa 2001, ni klabu moja tu nje ya hizo tatu ilikuwa imewahi kuibeba. Inaitwa Belenenses, na stori yake ni noma.

Klabu hii ilianzishwa mwaka wa 1919 mtaani Belém, Lisbon. Ndiyo, ni Belém ile ile ambapo Vasco da Gama aling'oa nanga 1497 kabla ya kufika Malindi mwaka uliofuata. Jezi yao ni ya bluu na nembo ina Msalaba wa Kristo, kama ule wa matanga ya meli za Wareno.

Ligi waliibeba msimu wa 1945/46. Kombe la Ureno wamelichukua mara tatu: 1942, 1960 na 1989, hiyo ya mwisho wakiwachapa Benfica 2-1 fainali. Uwanja wao, Restelo, ulifunguliwa 1956. Staa wao mkubwa enzi hizo alikuwa Matateu, straika kutoka Msumbiji aliyeingia 1951 na kuwa mfungaji bora wa ligi mara mbili.

Sasa shida ilianzia wapi? Doo. Mwaka wa 2012 madeni yalikuwa yamewabana, wanachama wakakubali kuuzia wawekezaji asilimia 51 ya kampuni inayosimamia timu ya kulipwa. Haikuchukua muda, wakaanza kuvutana. Kufikia 2018 mambo yaliharibika kabisa: kampuni ikahama Restelo na wachezaji, ikabaki na nafasi kwenye ligi kuu. Klabu nayo ikabaki na uwanja, mashabiki na historia. Mahakama ikaizuia kampuni kutumia jina na nembo ya klabu, ndipo timu yake ikaja kujulikana kama B-SAD.

Wanachama hawakulia sana. Waliunda timu mpya na kuanzia daraja la sita, wakicheza na timu za mitaa.

B-SAD je? Novemba 2021, Covid ilipowamaliza, waliingia uwanjani dhidi ya Benfica wakiwa wachezaji tisa tu, golikipa mmoja akicheza nje ya goli. Hadi mapumziko walikuwa wameshachapwa 7-0. Kipindi cha pili walirudi saba, mmoja akaketi chini, refa akamaliza gemu. Msimu huo wakashuka daraja, na 2023 wakashuka tena.

Mwaka huo huo wa 2023, Belenenses ya wanachama ilipanda hadi daraja la pili. Ilishuka msimu uliofuata, lakini jina, nembo na Restelo bado ni vyao.

Kwa hivyo nikuulize: timu ni nini hasa, ni ile nafasi kwenye ligi ama ni watu wanaoishabikia? Na ingekuwa timu yako, ungefuata gani?