Kuoana

Tunasema rangi zimeoana, au maneno ya mashahidi hayaoani. Ningependa mafundi wa bodi ndogo kama Raspberry Pi wakitumie kitenzi hiki, maana kinaieleza vizuri kazi yao.

Kifaa cha USB kikichomekwa hutaja namba ya mtengenezaji na ya bidhaa, na Linux hukitafutia kiendeshi. Kihisi cha joto kilichoungwa kwa nyaya za I2C hakijitambulishi. Kina anwani tu. Basi kwa kawaida hulazimu kukieleza katika mti wa vifaa (device tree), yaani maelezo ya maunzi yanayosomwa na Linux. Humo, kwenye sifa ya "compatible", majina huorodheshwa, lililo mahususi zaidi likitangulia. Kiendeshi nacho kina orodha yake. Jina likipatikana pande zote mbili, vimeoana.

Wengi hudhani jina la kwanza lazima lishinde. Sivyo. Mpangilio huo hupimwa ndani ya orodha ya kiendeshi kimoja. Viendeshi viwili vikioana na kifaa kilekile, kwa kawaida hukitwaa kilichosajiliwa mapema. Tena kiendeshi kinaweza kuoana na kifaa, kikajaribu kukiwasha, kikashindwa. Kwa hiyo hatua ya pili, ya kiendeshi kukitwaa kifaa hasa, inastahili neno lake: kufungamana.

Kwa baadhi ya aina za vifaa, anayetaka kuchagua kiendeshi mwenyewe hukifungua kifaa kutoka kwa kiendeshi cha zamani, huandika jina la kipya katika faili la "driver_override" ndani ya /sys, kisha huamuru kitafutiwe upya. Vitabu vya mafunzo visiyachanganye maneno haya mawili: kifaa kinaweza kuoana na viendeshi vingi, lakini hufungamana na kimoja.