PS kuchemka: jinsi ya kuipoza ukiwa huku pwani

Kila kaskazi ikianza kuna swali naulizwa hapa Bagamoyo, na nimechoka kulijibu moja moja barabarani, kwa hiyo leo naliandika lote: nifanye nini mashine yangu ya gemu isichemke na kujizima?

Kwanza niwaambie kwa nini naulizwa mimi. Mwaka 2013 nilikuwa na kibanda cha gemu, PS3 mbili za kizamani, zile nene, na tivii mbili. Hela ya kile kibanda ndiyo iliyokuwa inamlipia mdogo wangu sekondari, maana ada hadi kidato cha nne ilifutwa baadaye, Januari 2016. Siku moja ya Februari, watoto wamejaa, mechi ya fainali imefika dakika ya 80, mashine moja ikalia pii pii pii ikazima. Nikaiwasha tena, taa ya njano, basi. Fundi mmoja akaichukua, akaipuliza kwa blowa ya moto, nikamlipa, ikawaka. Baada ya wiki tatu ikafa moja kwa moja. Mashine moja ikafa, na kipato kikabaki nusu. Ndo nikaanza kusoma.

JOTO LINATOKA WAPI

Umeme wote unaoingia kwenye mashine unaishia kuwa joto. PS3 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2006, ilikuwa inakula karibu wati 200 ukiwa unacheza. Yaani ni sawa na balbu mbili za zamani za wati 100 umezifungia kwenye boksi la plastiki. Joto hilo linatoka kwenye chipu, linapita kwenye pesti nyembamba, linaingia kwenye hitisinki ya chuma, halafu feni inalisukuma nje. Kikiharibika kituo kimoja tu kati ya hivyo, joto linabaki ndani.

Sasa angalia kitabu cha mashine. Sony wanasema zitumike kwenye hewa ya nyuzi 5 hadi 35. Kaskazi, Januari mpaka Machi, kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege mpaka huku mjini, kivulini tu mchana ni nyuzi 32 au 33. Ndani ya kibanda cha mabati, tivii mbili zinawaka na watu kumi wanapumua, hizo 35 zinapitwa asubuhi mapema. Kwa hiyo mashine haina ugonjwa, inaishi mahali ambapo haikutengenezewa.

Ongeza chumvi. Chumvi ya bahari inavuta unyevu, unyevu unashika vumbi, vumbi linaganda kwenye mapezi ya hitisinki kama sufi ya mto. Feni inazunguka kwa kelele lakini hewa haipiti.

SOMO LA XBOX 360

Msidhani ni sisi tu. Xbox 360 ilitoka Novemba 2005, na muda si mrefu watu wakaanza kuona taa tatu nyekundu. Julai 2007 Microsoft wakaongeza dhamana ya tatizo hilo iwe miaka mitatu na wakatenga zaidi ya dola bilioni moja za kulishughulikia. Mwaka 2021, kwenye filamu yao wenyewe ya historia ya Xbox, wahandisi walieleza kwamba viungo vidogo vya ndani vilikuwa vinakatika kwa sababu ya kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa. Chuma kinatanuka, kinanywea, mwisho kinakatika.

Hapo kuna mambo mawili ya kujifunza.

Moja, kupuliza chipu kwa blowa ya moto au kuoka bodi kwenye oveni si matengenezo. Kiungo kilichokatika kinagusana tena kwa muda, unalipa, unafurahi, halafu kinaachia. Fundi akikwambia "naichoma kidogo tu", muulize itakaa miezi mingapi.

Mbili, ule mtindo wetu wa "kuipumzisha" kila baada ya saa moja, unazima unawasha, unazima unawasha, unaongeza hiyo safari ya kutanuka na kunywea. Mashine inayopozwa vizuri iache iwake. Ukiona lazima uipumzishe, jua kuna kitu hakijakaa sawa, kitafute.

HATUA, KUANZIA ZA BURE

1. Mahali. Acha nafasi ya angalau sentimita 10 kila upande, hasa nyuma inakotokea hewa ya moto. Usiiweke kwenye zulia wala ndani ya kabati, na ukiwa unacheza usiifunike na kitambaa cha urembo. Mimi niliinua kwa vipande viwili vya mbao, hewa ikapita chini. Mbili zisipeane mgongo, maana moja itavuta moto wa mwenzake.

2. Kibanda. Kabla ya kufungua mashine, poza chumba. Niliweka makuti juu ya mabati na nikatoboa tundu la hewa karibu na paa, upande wa pili wa mlango. Hewa ya moto inapanda, ipe njia ya kutokea. Hii ndiyo hatua iliyonisaidia kuliko zote, na sikugusa hata skrubu moja.

3. Kusafisha. Mara moja kwa mwezi, huku pwani usizidishe. Chomoa waya kabisa. Tumia brashi laini ya rangi na pampu ya hewa. Shika mapanga ya feni yasizunguke ukipuliza, kwani yakizungushwa ovyo yanaharibu feni. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. PS5, iliyotoka mwaka 2020, ina matundu maalumu ya kukusanyia vumbi. Toa kava la pembeni uyanyonye kwa mashine ya kufyonza.

4. Pesti. Baada ya miaka kadhaa inakauka kama chokaa. Kwa PS4 na PS3, fundi makini anafuta ya zamani kwa spiriti kali isiyo na maji mengi, anaweka mpya kiasi cha punje ya choroko, anarudisha skrubu kwa kukazia kidogo kidogo pande zote. Nyingi haisaidii, ni kama kuweka godoro katikati. Ila angalieni: zile sehemu zenye padi laini, rudisha padi ya unene uleule, usijaze pesti. Na PS5 usiiguse kabisa kama hujui, kwa sababu humo kuna metali ya majimaji, na hiyo inapitisha umeme. Tone likidondoka kwenye bodi, kwaheri.

5. Feni ya ziada. Hapa ndo wengi wanaharibu. Feni ya kompyuta ya volti 12 inapatikana Kariakoo. Ipe adapta yake ya pembeni, usichomelee waya kwenye bodi ya mashine. Zile feni za kubandika nyuma ya Xbox 360 zilizokuwa zinakula umeme wa mashine yenyewe zilijulikana kwa kuunguza plagi. Halafu feni isukume upande uleule ambao hewa inaenda. Washa mashine, shika kipande cha karatasi nyuma, uone inapuliza wapi. Ukiigeuza unarudisha moto ndani.

KOSA LANGU

Niliyebaki na mashine moja nilikuwa na haraka. Nikachukua moto na msumari nikatoboa kava juu, matundu kama ishirini, nikadhani naipa pumzi. Joto likazidi! Ilinichukua muda kuelewa. Lile boksi ni mfereji: feni inavuta hewa kutoka matundu yaliyopangwa ili ipite juu ya vitu vyote vya moto ndipo itoke. Ukitoboa karibu na feni, hewa inakatisha njia, inaingia na kutoka bila kugusa pawa saplai. Kisha wakaingia sisimizi, na mjusi mmoja nikamkuta amekauka humo. Niliziba matundu yote kwa gundi na utepe, kelele ya feni ikapungua siku hiyohiyo.

UMEME NA USALAMA

Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyoletwa kutoka Japani inaweza kuwa ya volti 100. Soma kibandiko nyuma kabla ya kuchomeka. Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika chache, maana mara nyingi unarudi na kuruka. Stabilaiza nzuri ni bei, lakini si bei ya mashine.

Na wazazi mnisikie: pawa saplai ina kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Mtoto asiifungue. Mtu mzima pia, kama hana ujuzi, aishie hatua ya tatu.

Usiku, mashine ikishapoa, ndipo uifunike na kitambaa kuzuia chumvi. Ikiwa bado ya moto ukaitia kwenye mfuko wa nailoni, jasho litabaki ndani na kutu itaanza.

Ile PS3 yangu ya pili ilipita kaskazi tatu baada ya hapo bila kuzima katikati ya mechi. Mdogo wangu akamaliza kidato cha nne. Ile ya kwanza ninayo bado, imekufa, naitumia kuwaonyesha vijana chipu iko wapi na moto unapita wapi.

Mwenye nyongeza, hasa mafundi wa Tanga na Unguja wanaoijua chumvi kama sisi, aiweke. Nawakilisha.